Shangazi wa gazetini hatozi faini

*Majarida ya wanawake yamewashauri wake kwa zaidi ya miaka 300. Wanawake wa Hanang walikuwa na njia yao: walikaa barazani, na mume akalipa.*

KATESH, HANANG. Ni siku ya mnada na saluni imejaa. Msusi ana rasta za watu wawili mkononi, kwa hiyo kazi ya kusoma ameachiwa mteja aliyekaa karibu na dirisha. Jarida lenyewe halina jalada tena, limepita mikononi mwa wengi, lakini ukurasa wa mapenzi bado mzima.

Barua inatoka kwa mwanamke aliyeolewa miaka minane. Mume amebadilika, anachelewa kurudi, simu anailaza chini ya mto na hela ya matumizi inatoka kwa kuvutana. Jibu limejaza nusu ukurasa. Mke apunguze maswali. Abadilishe mapishi. Jioni aoge, avae vizuri, ampokee kwa tabasamu. Na asithubutu kuyatoa ya ndani nje.

Mmoja wa wanaosubiri anadakia kwamba hayo yote alishafanya. Mwingine anataka kujua mbona mwanamume hajaambiwa kitu. Msomaji anarudia jibu kutoka juu, safari hii polepole. Ni kweli. Katika nusu ukurasa mzima hakuna sentensi hata moja iliyoelekezwa kwa mume.

Nje ya mlango wanapita akina mama wa Kidatoga waliokuja mnadani, bangili za shaba zimepanda hadi karibu na kiwiko, sketi za ngozi zimelainika kwa mafuta. Kwa bibi zao, lalamiko kama lile lilikuwa na mahali pa kupelekwa, na halikuwa na haja ya kuandikiwa mtu wa Dar es Salaam.

Wilaya mbili, ndoa za kila namna

Ni sehemu chache sana Afrika ambako familia kubwa za lugha zinapakana kama Mbulu na Hanang. Wairaqw wa milima ya Mbulu ni Wakushi. Wadatoga, ambao hapa wengi wao ni Wabarbaig, ni Waniloti. Wanyiramba na Wanyaturu ni Wabantu. Na katika bonde la Yaeda wapo Wahadzabe, wenye lugha ya vidoko isiyo na ndugu wa uhakika popote.

Ukiandika ushauri mmoja wa ndoa na kuusambaza huku, utawafikia watu ambao hata swali lenyewe hawalioni kwa namna moja.

Chukua Wahadzabe. Kwao ndoa haina sherehe kubwa. Wawili wakianza kukaa pamoja kambini wanahesabiwa mke na mume, na wakishindwana mmoja anahama. Mwanamke anachimba mizizi, anachuma matunda pori, anakusanya ubuyu. Mara nyingi anaishi karibu na mama yake. Kumwambia mwanamke huyo ajipambe ili mume asije akaondoka na riziki ni kumpa dawa ya ugonjwa asiouumwa.

Kwa Wairaqw mambo yalikuwa mengine. Zamani binti alipitia marmo, unyago wao. Alifungiwa ndani na wenzake miezi mingi, akafundishwa na wanawake wazima maisha ya mke na ya mama, huku akishona kwa mkono sketi ya ngozi yenye shanga nyingi. Sketi hizo leo zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, wageni wakizistaajabia. Mafunzo yaliyokwenda nazo yalikoma enzi za Mwingereza.

Sitaki mtu adhani nawasifu wa kale kwa kila kitu. Msichana wa Kiiraqw aliyeshika mimba kabla ya kuolewa alihesabiwa kuwa ameichafua nchi. Alifukuzwa kwao, akajifungulie mbali. Baadhi yao walipokewa na Wadatoga, ambao mtoto kwao ni neema, na wakaolewa huko. Mimba ileile, mwendo wa siku moja tu kwa miguu, upande mmoja ni balaa na upande wa pili ni baraka. Mhariri anayetaka kujibu barua kutoka wilaya hizi aanze kwa kulifikiria jambo hilo.

Baraza la wanawake

Mwaka 1964 mwanaanthropolojia wa Marekani, George Klima, alichapisha matokeo ya utafiti alioufanya miaka ya 1950 akiishi na Wabarbaig. Miaka sita baadaye akatoa kitabu juu yao. Kilichomshangaza ni kwamba wanawake wa jamii hii ya wafugaji, ambayo kwa nje inaonekana ni ya wanaume watupu na mikuki yao, walikuwa na mahakama yao wenyewe.

Inaitwa girgwageda gademga. Mwanamume akikiuka haki ambayo wanawake wanaihesabu ni yao, majirani wanawake wanaitana. Wanaketi mbali na wanaume. Shauri linasemwa wazi, mkosaji anajadiliwa kwa jina lake, na wakiridhika kwamba amekosa wanamtoza faini ya ng'ombe, au asali ya kutengenezea pombe. Akikataa, kuna laana ya wanawake, na hakuna Mbarbaig aliyekuwa anaichukulia hiyo kama maneno ya jikoni.

> Mume hakuambiwa abadilike kwa hiari yake. Alitoa ng'ombe.

Nguvu hiyo haikutoka hewani. Klima alieleza pia jinsi mali ilivyokwenda. Mahari ya Kibarbaig ilikuwa ndogo, mtamba na asali, lakini bibi harusi alipewa ng'ombe wake, wengine kutoka kwao na wengine waliahidiwa na wakwe. Wanaitwa dug dunyeda. Mume aliwachunga, ila hakuweza kuwatoa kiholela bila mke kukubali, kwa sababu walikuwa wa nyumba yake na watoto wake.

Hebu fikiria bibi harusi anayefika kwa wakwe na kugoma kuingia ndani mpaka atajiwe ng'ombe. Anasimama pale mlangoni, kichwa kimeinama, na wakwe wanataja mmoja baada ya mwingine. Huyo ni mwanamke anayeingia kwenye ndoa akiwa na kitu, na wenye kusikiliza wakiwa mashahidi.

Miaka ya karibuni zaidi, Astrid Blystad wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, aliyefanya kazi miaka mingi na Wadatoga wa Mbulu na Hanang, ameandika kwa kina juu ya uzazi na miiko yao. Mwanamke aliyejifungua hukaa ndani na mtoto kwa muda mrefu, analindwa, na watu wanachunga namna wanavyomkaribia. Uzazi wake si siri ya mtu na mumewe. Ni jambo la ujirani mzima.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya baraza na jarida. Yule wa barazani hayuko peke yake. Anayemwandikia shangazi wa gazetini yuko peke yake tangu anapoandika, na jibu linamwacha vilevile.

London 1693, Tokyo 1914

Kazi ya shangazi wa gazetini ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Februari 1693, mchapishaji wa London aitwaye John Dunton alitoa The Ladies' Mercury, jarida linalohesabiwa kuwa la kwanza la wanawake kwa Kiingereza. Liliahidi kujibu maswali ya mapenzi, ndoa na mwenendo. Lilitoka mara nne tu likafa, lakini mtindo haukufa.

Mwaka 1914 gazeti la Yomiuri la Japani lilifungua safu ya ushauri wa maisha katika ukurasa wa wanawake, na safu hiyo bado ipo. Marekani, Januari 1953, Ladies' Home Journal ilianzisha safu iliyouliza kila mwezi kama ndoa fulani inaweza kuokolewa. Mke alisema yake, mume akasema yake, kisha mshauri akatoa hukumu. Angalau huko mume alipewa nafasi ya kusema.

Lakini mshauri alikuwa nani? Kesi nyingi za mwanzo zilitoka katika taasisi ya Paul Popenoe ya Los Angeles. Popenoe hakuwa daktari wala mwanasaikolojia. Alianza na kilimo cha mitende, akawa mtetezi mkubwa wa itikadi ya kuzuia watu wanaoitwa dhaifu wasizae, halafu akageukia kuokoa ndoa. Mamilioni ya wake walisoma hukumu zilizotoka mikononi mwake na mara nyingi aliyetakiwa kujirekebisha alikuwa mke.

Afrika hatukubaki nyuma. Jarida la Drum, lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1951, lilikuwa na toleo la Afrika Mashariki, na vijana wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam walimwandikia Dolly, mshauri wa jarida hilo, shida zao za mapenzi. Mwanahistoria wa Kenya, Kenda Mutongi, alizichambua barua hizo za miaka ya 1960 na 1970 katika makala ya mwaka 2000. Dolly alikuwa na jina la kike na picha ya kike. Nyuma ya jina hilo walikaa waandishi wanaume.

Jambo hilo linaniuma zaidi kuliko la Popenoe. Msichana alidhani anamfungulia moyo dada mkubwa.

Uganda na Kenya walichagua njia ya ndugu. Gazeti la Bukedde lilimwingiza ssenga kurasani, yaani dada wa baba ambaye kwa Baganda ndiye mwenye kumfunda binti. Taifa Leo ina Shangazi Akujibu. Jina la ndugu linaleta imani, na imani ndiyo inayouza gazeti. Ila ssenga wa nyumbani, akishamaliza kumfunda binti, alikuwa na miguu ya kwenda kwa mkwe na kinywa cha kumuuliza kulikoni. Ssenga wa karatasi hana.

Na hapa kwetu

Tanzania imekuwa na majarida ya aina mbili, na si haki kuyaweka kapu moja.

Upande mmoja ni kurasa za mahaba za magazeti ya udaku na majarida ya urembo, kama lile la saluni ya Katesh. Lugha yake ni ya pwani, ya kungwi na kitchen party, na sasa imepanda hadi Mbulu mjini na Haydom pamoja na sare za sherehe. Mengi yake ni mazuri. Kujua mwili wako, kuongea na mwenzako bila aibu, usafi, furaha ya ndoa, hayo si mambo ya kudharau. Lakini unyago wa pwani wenyewe ulikuwa na somo wako, mtu uliyekwenda kwake hata baada ya harusi. Kilichofika huku ni maneno bila somo.

Upande wa pili ni Sauti ya Siti, jarida la Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoundwa mwaka 1987. Lilichukua jina la Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Jarida hilo lilizungumza waziwazi habari za vipigo, mimba za wanafunzi na mirathi wakati magazeti mengine yaliona hayo ni mambo ya nyumbani kwa watu.

Likaja Femina mwaka 1999, ambalo baadaye likaitwa Fema na kupelekwa bure katika shule za sekondari nchini kote, likifuatiwa na Si Mchezo! mwaka 2003 kwa vijana wa vijijini walio nje ya shule, kwa hadithi za picha. Haya yalikuwa na jambo moja ambalo ukurasa wa mahaba hauna: yalisomwa kwa pamoja. Klabu za Fema shuleni ziliwaketisha wasichana na wavulana kuijadili shida ileile. Mvulana naye aliambiwa.

Wanaosema ndoa ilindwe

Wapo wasioona tatizo katika jibu la kuvumilia, na hoja yao si nyepesi. Kanisa limeota mizizi mirefu hapa. Dayosisi Katoliki ya Mbulu imekuwepo tangu 1953, na Walutheri walifungua hospitali ya Haydom mwaka 1955. Wanandoa wanapitia mafundisho kabla ya kufunga ndoa, na baada ya hapo kuna jumuiya ndogondogo na akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa kukimbilia. Wanaolea ndoa hizi wanasema kwamba mwanamke aliyeambiwa aondoke na mtu wa mbali ndiye atakayelala njaa, si huyo mtu wa mbali. Nyumba ikivunjika Dongobesh au Bassotu, shamba linabaki na ukoo wa mume.

Nawaelewa. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini ni hatari kuondoka. Haielezi kwa nini anayekosa asitozwe.

Wengine wanasema baraza la Wadatoga lisipambwe. Nao wana haki. Baraza lililinda haki za mke kama zilivyojulikana na mila, na mila hiyohiyo ilimuoza binti bila kumuuliza na kumpitisha kwenye kisu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa Manyara, mkoa wa wilaya hizi mbili, wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Waliokuwa wakikata ni wanawake. Binti aliyetaka kwenda sekondari badala ya kuolewa asingepata faini ya ng'ombe imtetee.

> Baraza lilijua kumtoza mume. Halikujua kumsikiliza binti anayetaka shule.

Kwa huyo, Fema iliyopita mikononi mwa darasa zima ilikuwa msaada kuliko bibi yake. Na Rebeca Gyumi, aliyekwenda Mahakama Kuu na kushinda mwaka 2016 dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, alifanya ambalo hakuna baraza la mila lililowahi kufanya. Mahakama ya Rufani iliuthibitisha ushindi huo Oktoba 2019.

Baraza lenyewe limedhoofika, na si kwa sababu wanawake walilichoka. Miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya shirika la serikali la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalichukua karibu ekari 100,000 za malisho ya Wabarbaig katika nyanda za Bassotu. Familia zikatawanyika na mifugo yao kuelekea kusini hadi Mbeya na Rufiji. Baraza la majirani linahitaji majirani. Mwanamke aliyehamia mahali ambako nyumba ya pili ya Kidatoga iko mbali atamwita nani?

Kinachoachwa nje ya jibu

Nimesoma kurasa nyingi za ushauri, na linalonikera kuliko chetezo na mapishi ni kile kisichotajwa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Ni sheria ya nusu karne. Mwanamke anaandika kwamba mume anampiga, naye anajibiwa ajichunguze anamuudhi wapi.

Au mali. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu mahakama iliona alishapewa fedha za biashara na akazitapanya. Lakini kanuni ilibaki, na wanawake waliokuja nyuma yake wameitumia. Mke wa Hanang aliyelima mahindi na kulea ndama miaka minane ana cha kudai. Je, jibu la nusu ukurasa lilimwambia?

Halikumwambia pia kwamba kabla ya kudai talaka, sheria hiyohiyo kwa kawaida inataka shauri lipite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na kwamba huko mume anaitwa. Anaitwa kwa jina, anakaa kwenye benchi, anaulizwa. Halikutaja dawati la jinsia na watoto polisi wala afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mistari minne ingetosha. Nafasi ilikuwepo, maana tangazo la mafuta ya nywele lilijaza robo tatu ya ukurasa wa pili.

Mficha uchi hazai, wazee walisema, na mkunga lazima aone. Agizo la kutotoa ya ndani nje linakwenda kinyume kabisa na hekima hiyo, na ndilo linalorudiwa kuliko yote katika kurasa hizi, kutoka Dar hadi Nairobi. Mwanamke wa Kibarbaig aliyeita wenzake hakuwa amevunja siri ya nyumba. Alikuwa amepeleka shauri panapohusika.

Wahariri wa majarida wanaweza kuanza na jambo dogo. Kila barua ijibiwe mara mbili, mara moja kwa aliyeandika na mara moja kwa aliyelalamikiwa, na chini ya jibu iwekwe ofisi ambayo mwanamke wa Haydom, Gehandu au Endasak anaweza kuifikia kwa bodaboda. Anayejibu ajitambulishe, jina lake la kweli na kazi yake, tusije tukapata Dolly mwingine.

Na wenye mamlaka ya kata nao wana la kufanya. Bunge lilipotunga Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi mwaka 2002, liliona busara kwamba baraza la kata lenye wajumbe wanne hadi wanane liwe na wanawake watatu ugomvi wa shamba unaposikilizwa. Ugomvi wa ndoa unastahili angalau hao watatu, na katika kata za Wadatoga ningeomba mmoja wao awe mama aliyewahi kuketi girgwageda gademga, anayejua kumtazama mwanamume usoni na kumtajia ng'ombe anayedaiwa.